Milioni kwa Mbio, Senti kwa Mpira

Ukitaka kujua mtu anaithamini roho yake kiasi gani, usimwulize anasali wapi wala amekata bima gani. Kama ni mtu wa magari ya kasi, mwombe afungue boneti akuonyeshe mpira unaopeleka petroli kwenye injini. Hapo utapata jibu ambalo mdomo wake usingekupa.

Nasema juu ya magari ambayo vijana wetu, pamoja na wazee wachache waliokataa kuzeeka, huyajenga upya ili yakimbie kuliko yalivyotoka kiwandani. Ni Subaru Impreza, ni Toyota Starlet yenye tabo, ni Mark II ya silinda 6. Huja kutoka Japani yakiwa yametumika, na yakifika hapa hufunguliwa, yakabadilishwa pampu, yakabadilishwa nozeli, yakafungwa tabo kubwa zaidi, yaani lile feni linalozungushwa na moshi wa ekzosi ili liisukumie injini hewa nyingi. Sina ugomvi na mchezo huo. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la spea Dar es Salaam kwa miaka mingi; watu hao ndio walionisomeshea watoto, na mlio wa injini iliyofungwa sawasawa hunichangamsha mpaka leo.

Ugomvi wangu ni mmoja, nami nitausema bila kuupaka asali. Mwenye gari hutoa milioni kwa kitu kitakachomkimbiza, na hutoa senti kwa kitu kitakachomzuia asiungue. Kisha moto ukiwaka, humtafuta fundi.

Naanza na fundi kwa sababu ndiye anayeonewa. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye sitamtaja, alifungiwa injini ya tabo katika gari lake dogo. Jioni moja, akipanda kilima, mpira wa petroli ulipasuka karibu na ekzosi na moto ukatoka chini ya boneti kabla hajajua kinachonuka. Kiti cha nyuma alikuwapo mtoto wa dada yake, msichana wa miaka sita, na mlango wa upande wake haukufunguka. Kondakta wa daladala aliyekuwa akipita ndiye aliyevunja kioo kwa jiwe akamtoa. Mtoto alipona, ila mkono wake wa kushoto una kovu mpaka kesho. Gari likawa majivu.

Haikupita wiki, kikao kikakaa. Fundi aliwekwa katikati kama mwizi wa kuku. Wazee walisema maneno mazito, mjomba akasema alipe, mwingine akasema vifaa vyake vishikwe mpaka alipe. Mimi nilikuwapo, nikauliza swali moja: Nani aliyenunua mpira? Pakawa kimya. Fundi akaeleza, na kijana hakukana, kwamba yeye fundi aliomba mpira wa magari ya nozeli, kijana akauliza bei, akaguna, akaleta mpira mwingine wa rahisi, akasema, "Weka huo huo kwanza, nikipata hela tutabadilisha." Juma lile lile kijana alikuwa amelipia rimu nne mpya. Jambo hilo lilisemwa wazi mbele ya watu wote, na kikao kikaisha vile vile kilivyokusudia kuisha: vifaa vya fundi vikashikwa, naye akauhama mtaa.

Haki gani hiyo? Najua fundi ana sehemu yake. Angeweza kukataa, na fundi akataaye kazi mbovu ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini mtu ambaye watoto wake hula jioni kwa kazi ya mchana hana nguvu ya kumkatalia mwenye funguo na fedha. Anayeamua ni yule anayelipa. Kama uamuzi ni wake, na lawama ni yake.

Sasa mtu ataniambia: "Mzee, mpira ni mpira. Ukipitisha petroli bila kuvuja, yatosha." Ndugu msomaji, sentensi hiyo ndiyo iliyoteketeza magari mengi kuliko kiberiti. Nitaijibu kwa hesabu, nayo ni hesabu ya darasa la pili.

Tairi ya gari dogo hujazwa upepo wa paundi 30 na kidogo kwa kila inchi ya mraba. Shika kipimo hicho kichwani. Katika gari la zamani la kabureta, pampu husukuma petroli kwa paundi baina ya 3 na 7 tu. Ni msukumo mdogo, na mpira wa kawaida uliotengenezwa kwa uaminifu huubeba. Gari la nozeli ni jambo jingine. Humo petroli husimama katika mpira kwa msukumo wa paundi 40 hivi injini inapounguruma. Kisha weka tabo. Katika mengi ya magari haya kidhibiti cha mafuta huongeza paundi moja ya petroli kwa kila paundi moja ya hewa ambayo tabo inaisukumia injini, ili nozeli zisizidiwe. Ukianzia 43, na tabo yako ikasukuma 15, umefika 58. Hiyo ni karibu mara mbili ya upepo wa tairi yako, nayo si upepo, ni petroli.

Sasa usome mpira wenyewe. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kina kanuni iitwayo J30, ambayo huigawa mipira ya mafuta katika madaraja. Ulioandikwa 30R7 ni wa msukumo mdogo, na kikomo cha kazi yake ni paundi 50. Ulioandikwa 30R9 umetengenezwa kwa ajili ya injini za nozeli, na katika saizi zinazotumika kwenye magari haya kikomo chake ni paundi 100. Ikilala rafuni, mipira hiyo ni mapacha: yote ni myeusi, yote hupindika, yote hunuka mpira. Kinachoitofautisha ni mstari mmoja wa herufi ndogo nyeupe ubavuni. Nasi tumekwisha kuona kwamba gari letu linataka 58. Haihitajiki shahada ya chuo kikuu kujua kwamba 58 ni kubwa kuliko 50.

Lakini huo mdogo hautapasuka siku ile ile, na hapo ndipo penye mtego. Viwanda huacha nafasi ya usalama juu ya kikomo, nasi huigeuza nafasi hiyo kuwa ushahidi kwamba wahandisi ni waoga. Mwezi wa kwanza unashika. Mwezi wa pili unashika, na mwenye gari anawacheka waliomwonya. Wakati huo mpira unachemshwa na injini mchana, unapoa usiku, unatikiswa na barabara, na unanyonya petroli kutoka ndani. Ukija kukata tamaa, haukati tamaa ukiwa umeegeshwa nyumbani. Unakata tamaa pale msukumo ulipo mkubwa kabisa, na msukumo huwa mkubwa kabisa pale mguu wako ulipo sakafuni, ekzosi ikiwa moto wa kutisha na wewe ukiwa katika mwendo usioweza kusimama ghafla.

Tena msukumo si jambo la pekee. Mpira wa daraja la R7 kwa kawaida umetengenezwa kwa naitrili, mpira unaostahimili petroli ya kawaida kwa kiasi chake. Ule wa R9 una utando wa ndani wa jamii ya Viton, ambao hauruhusu mvuke wa petroli kupenya ovyo na huvumilia joto zaidi. Mtu anayetia spiriti katika mafuta ili apate nguvu, kama wafanyavyo baadhi ya watu wa mashindano, hana budi kujua kwamba spiriti hula mipira mingi ya zamani, ikawa laini au ikapasukapasuka. Wala hili si la leo: Kenya katika miaka ya 1980 iliuza petroli iliyochanganywa na spiriti ya miwa kutoka Muhoroni. Mafuta hubadilika, mpira uliofungwa kwa mafuta ya jana hauna ahadi yoyote na mafuta ya kesho. Hata mpira mzuri huzeeka. Gari lililotoka kiwandani mwaka 1996, likiwa bado na mpira wake wa asili, lina mpira wa umri wa mtu mzima mwenye mke, na bado mtu hulifunga tabo mpya na kuliacha na mpira ule ule.

Nawageukia sasa watu wa upande wa pili, wale wasiopenda rahisi bali wanapenda kumeta. Hao huja dukani wakitaka mpira uliosukwa waya wa chuma kisichoshika kutu, na fundo za rangi nyekundu na buluu. Wanadhani wamekwisha kuokoka kwa sababu wamelipa. Siku moja aliingia kijana mmoja wa namna hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Karibu."

"Nipe ule wa kung'aa, mita tatu."

"Ndani yake unataka uwe wa nini?"

"Ndani? Si ni wa chuma, mzee?"

Nikamwuliza gari lake lina msukumo gani wa petroli, hakujua. Nikamwuliza lina nguvu za farasi ngapi. Akanitajia mpaka tarakimu ya mwisho. Nikamwonyesha mpira wa R9, mweusi, na klipu zake. Aliutazama kama mtu aliyeletewa ugali akiwa ameagiza pilau, akaniambia, "Mzee, huu haupendezi kwenye picha."

Haupendezi kwenye picha! Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ule waya uliosukwa ni sweta tu. Chini ya sweta panaweza kuwa na mpira wa kawaida, mzuri au mbovu, na panaweza kuwa na mrija wa PTFE, ile dawa nyeupe tunayoijua kwa jina la Teflon. Mrija wa PTFE ni kitu bora kweli: petroli na spiriti haviudhuru, na mvuke haupenyi ukajaza harufu garini. Lakini nao una masharti yake. Haukubali kuvikwa juu ya mdomo wa bomba na kukazwa kwa klipu. Unataka fundo zake maalumu zenye pete ya kuubana. Ukiukunja kwa nguvu unavunjika mkunjo usiorudi. Na kwa ajili ya petroli inafaa uwe ule mweusi uliotiwa kaboni, kwa sababu petroli ipitayo kwa kasi katika ule mweupe mtupu huweza kuzalisha umeme wa msuguano, na umeme huo hutafuta pa kurukia.

Asiyejua hayo ananunua sweta. Na sweta lina madhara mawili ambayo mpira mtupu hauna. La kwanza, linaficha: mpira wa ndani ukianza kupasuka, jicho halioni kitu mpaka sweta liloe. La pili, waya huo ni msumeno. Ukiuacha ulalie waya za umeme, au bomba jingine, au ubavu wa gari, utakata taratibu kila injini inapotikisika. Sisemi msinunue mpira uliosukwa. Nasema ulizeni kilicho ndani kabla ya kusifu kilicho nje. Na muuzaji asiyeweza kukujibu, mwachie mpira wake avae shingoni.

Yapo mambo mengine matatu ambayo watu huyapuuza, nami siwezi kuyaacha.

Kwanza, ndani ya tanki. Mtu huweka pampu kubwa tankini, kisha huiunganisha kwa kipande cha mpira kilichobaki juu ya meza. Mpira wa kawaida umetengenezwa uoge petroli kwa ndani, si kwa nje. Ukizamishwa, gamba lake la nje hufura, hulainika, na mwishowe huchomoka au kupasuka. Kwa kazi hiyo lipo daraja lake, 30R10, nalo ni ghali, na kinachohitajika ni kipande kisichozidi urefu wa kiganja. Mpira huo ukipasuka tankini hakuna moto. Ila petroli haifiki ya kutosha juu, injini inakosa mafuta ikiwa katika nguvu nyingi, na pistoni inayeyuka. Ndipo mwenye gari husema fundi hakuitengeneza vizuri injini.

Pili, klipu. Ile klipu ya kawaida yenye matundu, ambayo tunafungia mpira wa bustani, ina kingo zinazouma. Ukiikaza sana hukata mpira, ukiilegeza, huvuja. Zipo klipu za mipira ya nozeli, zenye utepe usiotobolewa na kingo zilizokunjwa nje, ambazo hubana sawasawa mzunguko mzima. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko soda mbili.

Tatu, njia. Safari ndefu ya petroli chini ya gari ifanywe na bomba la chuma, na mpira utumike pale tu ambapo injini hutikisika. Usikubali bomba la shaba tupu la mafriji: shaba ikitikiswa muda mrefu hugumu, kisha hupata ufa. Mpira upite mbali na ekzosi, na popote unapopenya bati uwekewe pete ya mpira isiyouacha ukaguswa na makali. Ukilitazama hivyo utaona kwamba gari zima linaweza kuhitaji mita moja au mbili tu za mpira bora. Mita mbili! Na bado watu huniambia ni ghali, hali viti vyao vya mbio vimevuka bahari.

Wengine hunijibu kwa methali. "Mzee, ajali haina kinga." Methali hiyo siikatai ikiwa mti umekuangukia, au ng'ombe amekatiza barabara usiku. Lakini jambo ambalo kinga yake inauzwa dukani, imeandikwa ubavuni daraja lake, na wewe umeikataa kwa sababu ya bei au kwa sababu haipendezi pichani, si ajali. Ni uamuzi uliochelewa kutoa matunda yake. Tuwe na adabu ya kuyaita mambo kwa majina yao.

Tafakari kinachotokea mpira unapopasuka. Pampu moja maarufu kwa wajenzi wa magari haya imeandikwa lita 255 kwa saa. Gawa kwa 60: ni zaidi ya lita 4 kwa dakika. Kwa kasi hiyo ndoo ya lita 10 hujaa chini ya dakika mbili na nusu. Gari la kiwandani, injini ikizimika, kompyuta yake huikatia pampu umeme. Lakini magari mengi yaliyojengwa upya, pampu yake imevutiwa waya moja kwa moja kutoka kwenye swichi ya ufunguo, kwa hiyo injini imekufa na pampu bado inamimina. Petroli inayorushwa kwa msukumo hugeuka ukungu, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutambaa chini ya gari. Nyumba ya tabo iliyofanyishwa kazi hasa huwa nyekundu kama kaa. Huhitaji kiberiti. Huhitaji hata cheche.

Wanaojua mbio kweli wameyajua haya zamani. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, hudai mipira ya mafuta ya gari la mashindano isipasuke chini ya msukumo wa ba 70, yaani paundi 1,000 hivi, ikiwa katika joto la nyuzi 135 za Selsiasi, na gamba lake la nje listahimili msuguano na mwali. Kwa nini waombe paundi 1,000 kwa gari linalotumia 60? Si uoga. Ni hekima ya watu waliowahi kuzika madereva.

Nasi hapa Afrika Mashariki hatuna udhuru wa kujifanya wageni katika elimu hii. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kabla baba za vijana hawa hawajazaliwa. Katika mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Saba! Mengine yote yalishindwa na matope, mawe, na vitu vidogo vilivyovunjika. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, akashinda tena 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano, mwaka 1973 na kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Katika njia zile, gari lenye nguvu kuliko yote halikuwa na faida kama lilikufa njiani. Mshindi alikuwa yule ambaye gari lake lilikataa kufa, na gari halikatai kufa kwa miujiza. Hukataa kwa sababu mtu alikaza kila fundo na kuuliza kila mpira unatoka wapi.

Leo tumeurithi mlio wa magari yale, tumeziacha tabia zao. Kijana anaweza kukutajia kila mshindi wa Naivasha tangu mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021, lakini hajawahi kulala chali chini ya gari lake akiwa na tochi.

Sitaki kuishia katika kulaumu, kwa hiyo nasema ninachotaka.

Nataka mwenye gari auweke mpira katika orodha ya kwanza ya matumizi, siku ile ile anapoagiza tabo, na si katika masalio. Kama fedha haitoshi vyote viwili, basi fedha haitoshi tabo. Nataka ausome mpira kwa macho yake mwenyewe: jina la kiwanda, daraja, saizi na, kama umepigwa chapa, tarehe. Maandishi yakiwa yamefutika, au yamepigwa vibaya kama muhuri wa kughushi, auache; mafundi wa kughushi nao wamejifunza kuandika R9. Nataka apanguse kila fundo kwa mkono mara kwa mara na kunusa vidole vyake. Harufu ya petroli garini si manukato ya mchezo, ni taarifa.

Nataka muuzaji, na hapa naisema nafsi ya biashara yangu, aandike daraja la mpira kwenye risiti. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, nalijua hilo; lakini anayekata mpira usio na maandishi na kuuuza kwa jina la mpira wa nozeli ni mwuza moto. Akiombwa risiti yenye daraja, atababaika, na mnunuzi atajua.

Nataka fundi naye aandike. Akipewa mpira usiofaa na kuamriwa aufunge, aandike katika daftari lake: nimeshauri hivi, nimeletewa hiki, mwenye gari amekubali, kisha mwenye gari atie sahihi. Wengi watakataa kutia sahihi. Vema sana. Mtu anayeogopa kuandika jina lake chini ya mpira huo, kwa nini asiogope kumketisha mtoto wa dada yake juu yake?

Na vikao vyetu vya mtaani, kabla ya kushika spana za mtu maskini, viulize kwanza swali dogo nililouliza mimi: nani aliyenunua mpira? Visipotaka kuuliza, basi visijiite vikao vya haki.

Wewe mwenye gari, nguvu ni zako, fedha ni zako, na furaha ya mwendo ni yako, hakuna anayekunyima. Lakini siku utakapomwambia fundi "weka huo huo kwanza", ujue umekwisha kutia sahihi hata kama hukushika kalamu. Likitokea la kutokea, usiende kumtafuta mtu mwingine wa kulipa.